Mzio wa Chakula kwa Mtoto Mchanga: Kipimo Huona Nini?

Neno "mzio" ni la zamani katika Kiswahili kuliko elimu ya tiba inayolitumia leo. Kwa asili lilitaja chakula ambacho mtu hali, ama kwa sababu amekatazwa, ama kwa sababu kila akila humdhuru. Hivyo neno hilo moja lilibeba mambo mawili, katazo na madhara. Sayansi ya leo inalazimika kuyatenganisha, kwani si kila chakula anachokatazwa mtoto humdhuru, wala si kila kinachomdhuru kimekwisha kutambuliwa na wazazi wake.

Mtoto wa miezi minane akitokwa na vipele siku aliyolishwa yai, watu wa nyumbani huafikiana upesi kwamba yai limemkataa. Baada ya wiki mbili samaki hutuhumiwa, kisha maziwa, kisha karanga, hata mtoto hubaki na uji mtupu katika umri ambao mwili na ubongo wake hukua kwa kasi kubwa. Hilo ni kosa la kwanza, na matokeo yake ni utapiamlo. Kosa la pili ni kinyume chake: mtoto mwenye mzio wa kweli hulishwa tena na tena chakula kinachomdhuru, na siku moja kijiko kimoja tu huyatia maisha yake hatarini. Vipimo vya mzio vilibuniwa ili kusaidia kuepuka makosa yote mawili. Hata hivyo, kipimo kisiposomwa ipasavyo huweza kulizidisha lile la kwanza.

Kinga inapokosea adui

Mwili wa binadamu una askari wa kuulinda dhidi ya viini vya maradhi. Miongoni mwa silaha zao ni kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na mwili ili kushikamana na kitu kigeni mahususi. Chakula nacho ni kitu kigeni, lakini kwa kawaida mwili wa mtoto hujifunza kukivumilia. Mzio wa chakula hutokea pale mwili unaposhindwa kujifunza uvumilivu huo, ukaichukulia protini ya yai, ya maziwa au ya karanga kuwa adui.

Hali hii ya kinga kugeuka kuwa madhara iligunduliwa hatua kwa hatua. Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza kwamba mbwa aliyestahimili sumu ya mnyama wa baharini mara ya kwanza aliweza kufa kwa dozi ndogo zaidi aliyopewa siku nyingi baadaye. Badala ya kuzoea, mwili wake ulikuwa umekuwa mwepesi zaidi wa kudhurika. Waliiita hali hiyo anafilaksia, na mwaka 1913 Richet alipewa Tuzo ya Nobeli. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa mjini Vienna, alibuni kutokana na maneno ya Kigiriki jina ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa mzio, lenye maana ya mwili kutenda kwa namna iliyobadilika.

Jaribio lililofungua mlango wa vipimo vya leo lilichapishwa nchini Ujerumani mwaka 1921. Heinz Küstner alikuwa akidhurika kila alapo samaki aliyepikwa, ilhali mwenzake Carl Prausnitz alimla bila taabu. Prausnitz alidungwa chini ya ngozi majimaji ya damu ya Küstner. Siku iliyofuata alidungwa mahali pale pale dondoo la samaki, na ngozi ikavimba na kuwa nyekundu. Ilidhihirika kwamba ndani ya damu ya mwenye mzio kulikuwa na kitu kinachoweza kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi mtu. Kitu hicho hakikutambuliwa hadi miaka ya 1966 na 1967, kilipogunduliwa na Kimishige na Teruko Ishizaka nchini Marekani, na pia na S. G. O. Johansson na Hans Bennich nchini Sweden. Ni aina ya kingamwili iitwayo imunoglobulini E, au kwa kifupi IgE.

Utendaji wake ni huu. Mwili ulioelekea kwenye mzio hutengeneza IgE inayoitambua, mathalani, protini ya yai. IgE hiyo hujipachika juu ya seli maalumu zilizomo katika ngozi, utumbo na njia za hewa. Seli hizo zimejaa vifuko vya kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Protini ya yai ikiingia tena mwilini hushikwa na IgE zilizopachikwa, na vifuko hupasuka. Histamini hutanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivuje, na kwa hiyo ngozi huvimba na kuwasha. Katika njia za hewa, misuli hukaza na pumzi hubana. Iwapo mishipa ya mwili mzima itatanuka kwa mara moja, shinikizo la damu huanguka, na hiyo ndiyo anafilaksia.

Saa ni shahidi

Kwa kuwa seli hizo hukaa tayari kama mtego uliokwisha kutegwa, mzio wa IgE hujitokeza upesi, aghalabu katika dakika chache na mara nyingi kabla ya saa mbili kupita. Dalili zake ni mabaka yaliyovimba na kuwasha, midomo na macho kuvimba, kutapika, kukohoa na kukoroma kwa pumzi. Mtoto mchanga, asiyeweza kusema, huweza pia kulegea ghafula na kupauka. Vyakula vinavyohusika mara nyingi zaidi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, samaki, ufuta, pamoja na kamba na kaa.

Upo mzio mwingine usiotumia IgE. Katika aina moja, mtoto hutapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula, akalegea kama mwenye kuharisha sana. Katika nyingine, michirizi ya damu huonekana katika choo cha mtoto ambaye vinginevyo ni mchangamfu. Aina hizo hutokana na kinga ya mwili, lakini kipimo kinachotafuta IgE hakiwezi kuziona.

Hali ya tatu si mzio hata kidogo, bali ni kutostahimili chakula. Mfano ulio maarufu ni wa maziwa. Sukari ya maziwa, laktosi, husagwa utumboni na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Pale kimeng'enya hicho kinapopungua, sukari hufika katika utumbo mpana bila kusagwa, bakteria huichachusha, na matokeo ni tumbo kujaa gesi na kuharisha. Watu wazima wengi wa Afrika wako katika hali hiyo, isipokuwa hasa wa jamii zenye asili ya ufugaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Sarah Tishkoff na wenzake, uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kuwa mabadiliko ya urithi yanayowawezesha wafugaji wa Afrika Mashariki kunywa maziwa ukubwani ni tofauti na yale ya Wazungu.

Mtoto mchanga, hata hivyo, huzaliwa na laktesi ya kutosha. Maziwa ya mama yana laktosi kiasi cha gramu 7 katika mililita 100, zaidi ya yale ya ng'ombe. Mtoto huweza kupungukiwa na laktesi kwa muda baada ya kuharisha sana, kwa kuwa utando wa utumbo umejeruhiwa, na utando ukipona kimeng'enya hurejea. Kwa hiyo tumbo la mtoto kuvuruga maziwa juma moja baada ya kuharisha si hoja ya kumtangaza kuwa ana mzio wa maziwa maisha yake yote. Naye mwenye mzio wa kweli wa maziwa ya ng'ombe hapati nafuu kwa kubadilishiwa ya mbuzi, maana protini zake hufanana mno.

Vipimo vitatu

Kipimo cha kwanza na chepesi ni cha ngozi. Tone la dondoo la chakula huwekwa juu ya ngozi ya mkono, au ya mgongo kwa mtoto mdogo, kisha ngozi huchomwa kidogo kupitia tone hilo bila kutoa damu. Baada ya dakika 15 kivimbe kilichojitokeza hupimwa kwa milimita. Wanafunzi wa sayansi watatambua hapa kanuni wanayoijua kutoka katika maabara yao. Pamoja na tone la chakula huwekwa matone mawili ya ulinganisho, moja la histamini na jingine la maji ya chumvi. La histamini lazima livimbe. Lisipovimba, huenda mtoto amepewa dawa ya kuzuia mzio siku chache zilizopita, na kipimo hakifai. La maji ya chumvi halipaswi kuvimba. Likivimba, ngozi yenyewe ni nyepesi kuvimba kwa kuguswa tu. Kwa kawaida kivimbe cha chakula huhesabiwa kuwa ni jibu la "ndiyo" kikilizidi la maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi.

Kipimo cha pili ni cha damu, ambacho kilianza mwaka 1967 baada ya kugunduliwa kwa IgE. Katika maabara, majimaji ya damu hukutanishwa na protini ya chakula fulani, kisha hupimwa kiasi cha IgE iliyoishika. Kipimo hiki hufaa pale ngozi ya mtoto imejaa ukurutu, au pale dawa haziwezi kusimamishwa.

Kipimo cha tatu ni kumlisha mtoto chakula chenyewe. Hufanywa hospitalini, mbele ya matabibu walio na dawa tayari, kwa kuanza na chembe na kuongeza kidogo kidogo. Mwaka 1976 daktari Charles May wa Marekani alieleza namna ya kukifanya bila mgonjwa wala daktari kujua ni lini kinatolewa chakula cha kweli na ni lini cha bandia, ili hofu isije ikahesabiwa kuwa ni ugonjwa. Kwa watoto wachanga mara nyingi hufanywa waziwazi, kwa kuwa dalili zao huonekana kwa macho. Hiki ndicho kipimo cha kuamua, lakini kinahitaji muda, wataalamu na tahadhari kubwa.

Hesabu ya jibu la "ndiyo"

Jambo muhimu kuliko yote ni hili: kipimo cha ngozi na cha damu havipimi ugonjwa. Vinapima kuwapo kwa IgE. Mtu anaweza kuwa na IgE ya karanga na akala karanga kila siku bila dhara lolote.

Ushahidi ulio wazi ulipatikana Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu watoto wenye umri wa mwaka 1 hadi 3. Miongoni mwa watoto wa mjini Cape Town, asilimia 9 walikuwa na kivimbe cha milimita 3 au zaidi kwa chakula kimoja au zaidi. Lakini walipochunguzwa zaidi, pamoja na kulishwa vyakula hivyo chini ya uangalizi, waliothibitika kuwa na mzio walikuwa asilimia 2.5 tu. Katika vijiji vya jimbo la Eastern Cape waliothibitika walikuwa asilimia 0.5.

Hesabu hiyo yafaa kufanywa ubaoni. Katika kila watoto 1,000 wa Cape Town, 90 wana kivimbe. Wenye mzio ni 25. Hata ikichukuliwa kwamba wagonjwa wote 25 wamo miongoni mwa wale 90, wanabaki watoto 65 wenye jibu la "ndiyo" wasiokuwa na ugonjwa. Lau kila mwenye kivimbe angenyimwa chakula hicho, watoto zaidi ya saba katika kila kumi walionyimwa wangenyimwa bure.

Katika nchi zenye minyoo na kichocho ipo sababu nyingine ya kutahadhari. IgE ni silaha ambayo mwili huitumia pia dhidi ya vimelea hivyo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule nchini Ghana. Kwa kipimo cha damu, watoto wapatao 17 katika kila 100 walionekana kuwa na IgE ya karanga, lakini kwa kipimo cha ngozi walikuwa kiasi cha 2 tu, na dalili za mzio wa karanga hawakuwa nazo. Maambukizi ya kichocho cha mkojo yalihusiana na IgE hiyo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kimelea hicho kina sukari juu ya protini zake zinazofanana na zile za mimea, na kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya kichocho huishika karanga katika chupa ya maabara bila kuwa na nguvu ya kufyatua mtego mwilini. Kichocho cha mkojo kipo pia Afrika Mashariki, Unguja na Pemba zikiwamo, na kwa hiyo karatasi ya maabara inayosema "mzio wa karanga" haina budi kusomwa pamoja na mazingira anamoishi mtoto.

Jibu la "hapana" huaminika zaidi. Mtoto ambaye ngozi yake haikuvimba kwa yai, ni nadra awe na mzio wa haraka wa yai. Pia ni vema kukumbuka kwamba kivimbe kikubwa huongeza uwezekano wa kuwapo mzio, lakini hakitabiri ukali wake. Navyo vipimo vinavyouzwa madukani vya kutafuta kingamwili za aina ya IgG, au vya kuchunguza nywele, havionyeshi mzio. IgG ya chakula ni alama ya kawaida kwamba mtu amekula chakula hicho.

Mashauri yaliyogeuzwa

Iliwahi kudhaniwa kwamba njia ya kumkinga mtoto ni kumchelewesha. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri kwamba watoto wenye hatari ya mzio wasipewe mayai hadi miaka 2, wala karanga na samaki hadi miaka 3. Mwaka 2008 ushauri huo uliondolewa kwa kukosa ushahidi. Mwaka huo huo Gideon Lack na wenzake walionyesha kwamba mzio wa karanga ulikuwa mara kumi zaidi kwa watoto wa Kiyahudi wa Uingereza, ambao hawakulishwa karanga utotoni, kuliko kwa wenzao wa Israel, ambao huzila kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kisha likafuata jaribio lenyewe mjini London, lililochapishwa mwaka 2015. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lililishwa karanga mara kwa mara hadi umri wa miaka 5, na jingine lilizuiwa kabisa. Waliozuiwa walipata mzio wa karanga kwa asilimia 17.2, waliolishwa, kwa asilimia 3.2. Katazo, ambalo lilikusudiwa kuwa kinga, lilikuwa likiwanyima watoto nafasi ya kujifunza uvumilivu. Inadhaniwa kwamba protini inayopita tumboni hufundisha mwili kuvumilia, ilhali ile inayopenya kupitia ngozi iliyochubuka kwa ukurutu huufundisha uadui.

Matokeo hayo hayabadilishi ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Yanachobainisha ni kwamba baada ya hapo hakuna faida ya kuchelewesha yai lililoiva vizuri, samaki, au unga wa karanga katika uji. Karanga nzima hazifai kwa mtoto mdogo, kwa kuwa humpalia, na zilizoota ukungu hazifai kwa yeyote, kwa kuwa huweza kuwa na sumu ya aflatoksini. Chakula kipya kitolewe kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo, mchana, mtoto akiwa mzima. Mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kudhurika na chakula, aonwe kwanza na daktari.

Maswali ya kuuliza kabla ya kipimo

Kipimo bora huanza na masimulizi. Mtoto alikula nini, kiasi gani, kimepikwaje? Dalili zilianza baada ya muda gani, na zilidumu kwa muda gani? Je, aliwahi kula chakula hicho bila kudhurika, na alipokula tena zilirudi? Mtoto anayekula yai kila juma akiwa salama hana haja ya kupimwa mzio wa yai, na jibu lolote la "ndiyo" litakalopatikana litawatia wazazi wake hofu isiyo na msingi. Palipo na shaka ya mzio usio wa IgE, chakula kimoja huondolewa kwa majuma 2 hadi 4 kwa usimamizi wa daktari, kisha hurudishwa ili kuona kama dalili zitarudi. Na kama awali zilikuwa kali, hurudishwa hospitalini. Kuondoa bila kurudisha hakuthibitishi kitu.

Pale mzio unapothibitika, chakula kilichoondolewa sharti kifidiwe kwa kingine chenye protini, na mtoto apimwe tena baada ya muda, kwani wengi wenye mzio wa maziwa na mayai hupona kadiri wanavyokua. Wa karanga hupona mmoja tu katika watano hivi. Na pale mtoto anapobanwa na pumzi, au kulegea ghafula baada ya kula, hakuna muda wa vipimo. Dawa ya kwanza ni adrenalini inayodungwa katika msuli wa paja kwa upande wa nje, na kituo cha afya kilicho karibu ndicho mahali pa kumkimbiza.

Kwa hiyo karatasi ya maabara ni shahidi mmoja, wala si hakimu. Shahidi wa pili ni saa, na wa tatu ni mama aliyemlisha mtoto na kuona kilichotokea. Ni pale tu mashahidi hao wanapoafikiana ndipo mtoto anapostahili kunyimwa yai lake.